Mkalimani wa Mama Yangu

Watu wakinisikia nikisema kwamba niliwahi kuwa mkalimani wa Kihispania huko Mitunguu, kwanza hucheka, halafu huniuliza nilikisomea wapi. Sikukisomea popote. Nilichosoma mimi ni Kilatini, miaka minne na nusu katika seminari ndogo, kabla ya wakubwa wa pale kunishauri kwa upole kwamba Mungu hakuwa ameniita, ila nilikuwa nimesikia sauti nyingine. Nikarudi nyumbani bila kanzu na bila cheti. Baba alikaa mwezi mzima akinisemesha kupitia kwa mama, hata tukiwa tumekaa meza moja.

Kwa miaka kadhaa Kilatini kilinikaa kichwani bila kazi. Nilikata mikungu ya ndizi, nikafundisha katekisimu, nikaandika barua za watu. Kisha, katikati ya miaka ya themanini, parokia ikafungua zahanati, na akaletwa daktari, mtawa wa Kihispania mwenye umri wa kutosha kuwa mama yangu. Alikuwa ametibu watu Amerika ya Kusini karibu maisha yake yote. Kiingereza chake kilikuwa salamu tu, nazo alizichanganya saa. Nesi aliyekuwa amezoeana naye, mwanamke wa hapo hapo aliyejifunza lugha yake kidogo kidogo, alipelekwa Embu kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Padri paroko akaniita.

"Wewe si ulisoma Latin kule seminari?"

"Nilisoma, Father."

"Basi. Hii Spanish ni mtoto wa Latin. You just listen carefully, utashika. Utakuwa karani wa kadi na pia interpreter wa Sista. Ama?"

"Nitashika, Father."

Neno hilo nitashika lilinitoka kabla sijalipima. Nilikuwa mtu aliyekwisha kushindwa mara moja mbele ya kijiji kizima, na hapa nilikuwa nimepewa nafasi ya kushindwa tena, safari hii kwa miili ya watu. Nilitoka ofisini nikiwa na misale mbili, vitabu vya sala za misa, kwapani, ya zamani ya Kilatini na nyingine ya Kihispania aliyoniazima Sista.

Nilizifungua zote mbili mezani, ukurasa kwa ukurasa, sala ile ile huku na huku, na daftari katikati. Panis, mkate, kwao ni pan. Manus, mkono, ni mano, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na manual yake, kitabu cha mkononi. Aqua, maji, ni agua. Dolor haikubadilika hata herufi moja, maumivu ni maumivu. Hayo yalikuwa rahisi, na yalinidanganya. Halafu nikafika kwenye usiku. Nilijua noctem, nikaona noche. Maziwa, lactem, yakawa leche. Nane, octo, ikawa ocho. Nikakaa nikiyatazama hayo matatu mpaka uji wangu ukapoa. Kila palipokuwa na ct Waspania waliweka ch, ndiyo siri yote. Nami kumbe nilikuwa nikiyaona yale ya zamani kila siku ukutani mwa zahanati, kwenye bango la serikali lililoandikwa Kiingereza kuhusu lactating mothers, akina mama wanaonyonyesha.

Mtu wa kwetu hahitaji profesa kumweleza jambo hilo. Sisi Wameru tunasema muntu na kintu. Ukivuka mto Thuci ukaingia kwa Waembu, utasikia mundu na kindu, na Mswahili wa pwani amezimeza sauti hizo kabisa, akabaki na mtu na kitu. Hakuna anayedai kwamba Mwembu amekosea. Ni jamaa mmoja aliyehamia ng'ambo ya mto. Nilipolielewa hilo, Kihispania kilianza kunifungukia. F ya Kilatini mara nyingi hutoweka na kuacha h ambayo hata haitamkwi: filius, mwana, ni hijo, farina, unga, ni harina, ferrum, chuma, ni hierro, na hilo Sista alilisema kila siku, maana nusu ya akina mama walitoka pale na vidonge vya kuongeza madini ya chuma. Plenus, iliyojaa, ndiyo lleno, na Waingereza nao wana plenty yao. Plorare, kulia, ikawa llorar, na ndiyo hiyo hiyo imejificha ndani ya implore ya Kiingereza, kuomba huku machozi yanakutoka.

Naandika haya kana kwamba nilikuwa nastarehe. Sikuwa. Kila Jumanne na Alhamisi, siku za kliniki, niliamka nikiwa nimeshahesabu maneno ambayo huenda yangenishinda. Kanuni zangu zilishika mara tisa, mara ya kumi zikaniangusha mbele za watu. Mwanamume mmoja aliumwa na mbwa. Mimi nikawa nimetega masikio nikingoja canis, mbwa wa Kilatini, au chochote cha ukoo wake, na Sista akawa anasema perro, perro, huku akinitazama mdomoni. Nilitazama dirishani. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniokoa kwa kubweka. Sista alicheka, watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka nao huku jasho likinitiririka mgongoni. Jioni niliandika perro kwenye daftari nikalipigia mstari kwa hasira. Neno lisilo na baba wala babu ni la nini?

Siku nyingine alitaja ini, hígado, na mimi Kilatini changu cha ini kilikuwa jecur. Hayaingiliani hata chembe. Nilinyoosha kidole kwenye tumbo la mgonjwa nikatikisa kichwa kama anayefikiri sana, mpaka Sista akachora ini kwenye karatasi. Nilikuwa nikiogopa kwamba siku moja neno la namna hiyo lingepita masikioni mwangu bila kunigusa, na mtu angekufa. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Nilikuwa naogopa kutoelewa.

Wanawake ndio waliokuwa wengi, na kwao tulikuwa na utaratibu. Mgonjwa alikaa nyuma ya pazia pamoja na Sista, mimi nikakaa mbele ya pazia na kadi zangu, nikitazama ukuta. Maswali ya kike niliyazungusha kwa lugha ya mbali, mama wa mtu akaelewa, akajibu kwa mbali, nami nikayapeleka kwa Sista. Walinivumilia kwa sababu sikuwa wa kwao. Kwa kila mmoja wao nilikuwa mwana wa mwanamke mwingine.

Ndipo mama akaanza kuumwa. Tuliambiwa ni tumbo. Alianza kuacha chakula, yeye aliyekuwa hawezi kuacha mukimo sahanini, na akipanda kutoka mferejini alikaa chini mara mbili. Nikamwambia aje kliniki. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa jirani na aliyekuwa akimsaidia mama shambani, akasema atamsindikiza.

"Ya nini?" nikamwambia. "Si mimi niko pale? Nitamweka wa kwanza kwenye foleni."

Dada alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye wa zahanati."

Nilitaka mama anione. Hilo nalisema wazi. Nilitaka aone kwamba ile miaka minne na nusu haikupotea bure, kwamba mzungu anasema na mimi nasikia. Nilimpitisha mbele ya watu wote waliokuwa wameamka alfajiri, nikamwekea kiti nyuma ya pazia, nikarudi mahali pangu nikaishika kalamu.

Sista alimpima. Nilisikia kitanda kikilia. Kisha akaanza kuuliza, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi, hakuna neno lililonipita. Aliuliza kuhusu regla yake. Sikuwahi kulisikia neno lile, lakini lilikuja na cheti chake cha kuzaliwa: regula ya Kilatini, kanuni, jamaa wa rule na regular za Kiingereza, kitu kinachokuja kwa kanuni yake kila mwezi, kila mes, ambayo ni mensis. Aliuliza ilikoma lini. Akauliza kama baada ya kukoma, damu, sangre, imerudi. Sanguis. Nililiona neno zima kama lilivyoandikwa kwenye misale, mahali pa kuinua kikombe.

Ilibaki kazi ya kumuuliza mama.

Msomaji asiye wa kwetu huenda asinielewe hapa, nami siwezi kumlaumu. Tangu nilipotahiriwa sikuwahi kukanyaga chumba anacholala mama. Nguo zake hazikuanikwa ninapopita. Akiongea na dada zake nami nikatokea, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Hayo hayakuwa magomvi, ndiyo heshima yenyewe, ndiyo ilinifanya mimi niwe mwanamume na yeye awe mama. Na sasa kulikuwa na kitambaa cheupe kati yetu, futi tatu tu, na mimi nilitakiwa nimuulize mama yangu, kwa Kimeru cha nyumbani kwake, kama anatokwa na damu.

Nilijaribu lugha ya mbali. Hakuna umbali uliotosha.  Foleni nje ilikuwa inakohoa. "¿Y bien?" akauliza Sista. Haya?

"No," nikasema.

Ni neno dogo kuliko yote niliyoyajua, na karibu halihitaji mkalimani. Sista akanitajia cha kuandika, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika kwenye kadi ya mama kwamba hakuna damu. Alipewa dawa ya vidonda vya tumbo, akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Alipotoka alinishukuru mbele za watu. Nilimtazama akishuka njia ya kwetu akiwa amejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, na jua lilikuwa kali.

Nilijiambia kwamba labda jibu ni hilo hilo. Wanawake wangapi wana vidonda vya tumbo? Nilijiambia hivyo Ijumaa, nikajiambia Jumamosi, na Jumapili kanisani nikashindwa kuinua macho.  Kila nilipomwona mama kwa mbali nilihesabu hatua zake kabla ya kukaa. Mtu akija mbio njia ya zahanati nilidhani ametumwa kuniita. Nilikuwa na hasira pia, sijui na nani. Nilimkasirikia nesi aliyekwenda Embu. Nilimkasirikia padri na mtoto wake wa Latin. Hata Waroma niliwakasirikia.

Wiki ya pili nilimkuta dada mferejini akifua. Aliponiona alikunja nguo aliyokuwa nayo mkononi akaitia chini ya maji haraka, na mimi nikageuka nikatazama migomba.  Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Hizi ni za mama. Amekuwa akizificha, nimezitoa kwa nguvu. Tangu kabla ya kuvuna maharagwe yuko hivi. Si ulimwambia Sista?"

Niliendelea kutazama migomba.

"Nimekuuliza. Ulimwambia?"

"Sikumuuliza mama," nikasema. "Nilimjibia."

Dada alisimama, maji yakimtiririka viwikoni. Yeye hakusoma. Mwaka nilioanza shule ndio mwaka alioachishwa darasa la pili, akabaki nyumbani kuchota maji, hata yale niliyoyaoga nikija likizo kutoka seminari. Nilijua angeweza kunitukana na angekuwa na haki. Badala yake alijifuta mikono kwenye nguo yake akakaa kwenye ukingo wa mfereji.

"Nipe hayo maneno," akasema. "Mimi nitaingia naye."

"Si maneno tu, kuna..."

"Nipe."

Nikaanza na maumivu, lililo rahisi. Akalisema. Nikamwambia la tumbo, vientre, na nikajikuta nataka kumweleza linatoka wapi, kwamba Kilatini chake ni venter na kwamba ile v kwao wanaitamka kama b. Akanikata.

"Sitaki ukoo wake. Nataka neno."

Basi nikampa neno. Mes. Akakunja vidole vyake, miezi mingapi, nikampa hesabu mpaka ocho. Lakini lile lenyewe sikuwa na njia ya kumwambia. Yeye ni dada yangu, si mama, na bado nilishikwa. Nikasema, "Hili ni lile ambalo... lile jambo ambalo Sista aliuliza." Nikalitamka kwa Kihispania nikiwa nimeelekea upande wa pili kabisa. Nyuma yangu nikamsikia akilirudia polepole, regla, regla, na kisha sangre, kwa mdomo wa Kimeru unaoivunja ile gr katikati, lakini kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja chumvi au sukari. Hakuhitaji nimfafanulie. Aliyashika yote mchana mmoja, akifua, na hakuandika chochote.

Alhamisi ile nilifika zahanati kabla ya wagonjwa. Ilibidi nimwambie Sista kwanza, kwa sababu kadi ilikuwa inasema hapana na mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimetunga sentensi usiku kucha. Mentiri, kusema uongo, tulilijua vizuri seminarini, na kwao ni mentir. Nikaweka kadi mezani nikasema kwamba nilidanganya, kwamba mama hakuulizwa, kwamba mimi ni hijo, mwana, na mwana hawezi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamaliza: Kihispania chake sikijui, nakibahatisha kutoka Kilatini, tangu siku ya kwanza.

Hilo la pili alilipuuza kwa kupunga mkono. Alikuwa analijua siku nyingi. La kwanza ndilo lililompausha uso. Alisoma ile kadi, akageuza, akasoma tena. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Kisha akafungua mlango mwenyewe akawaita mama yangu na dada yangu, na mimi akaniashiria nitoke nje.

Nilisimama chini ya paa la mabati, karibu na tangi la maji. Kupitia dirishani nilimsikia dada, neno moja moja, kila moja limesimama peke yake. Sista akauliza jambo. Dada akamgeukia mama akamuuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, na mama akajibu. Alijibu kwa kirefu. Sikuwahi kujua mama yangu ana maneno mengi hivyo. Niliziba masikio kwa mikono, si kwa kutotaka kujua, ila kwa sababu hayakuwa yangu kusikia, na nikabaki hivyo nikitazama maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la tangi, mpaka dada akanigusa bega akasema mama anapelekwa Embu leo leo.

Uvimbe ulikuwa kwenye mfuko wa uzazi. Ulitolewa wote pamoja na mfuko wenyewe. Daktari wa kule, kijana wa Kiembu, aliniambia kwamba kama tungengoja zile wiki sita, asingependa kunieleza angekuta nini. Alisema vile kunifariji, kwamba tuliwahi. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi la nje kwa muda.

Siku ya tatu waliniruhusu kumwona saa ya wageni. Alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na kikombe cha uji kando. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha nikashindwa nianzie wapi, maana hata kuomba msamaha ilikuwa ni kulitaja lile jambo. Nikamuuliza kama uji una sukari. Akasema una sukari. Kisha akasema, akitazama dari:

"Siku ile ya kwanza Sista alisema maneno mengi. Halafu wewe ukasema moja, na hukuniuliza kitu. Nilijua umeulizwa nini."

"Ulijua?"

"Mwanamke atakosaje kujua swali hilo?"

"Sasa mama, kwa nini ulinyamaza?"

Alifikiri, si sana. "Nilisikia unavyohema nyuma ya kile kitambaa. Nikasema, huyu mtoto asiaibike. Nimeshazaa, nimeshalea. Nikaona ni sawa tu, niende hivyo."

Aliyasema kama mtu anayeeleza kwa nini hakwenda sokoni. Wiki mbili nzima nilizokuwa nikihesabu hatua zake yeye alikuwa ameshaamua, akanishukuru mbele za watu, akashuka njia kwenda kufa nyumbani kimya ili mimi nisione haya. Nilitaka kumshika mkono. Niliusogeza wangu mpaka kwenye ukingo wa shuka, ukaishia hapo.

"Mgongo unaniuma," mama akasema. "Niitie nesi aje anigeuze. Wewe toka nje."

Nikatoka.